Liwa ya Bibi Harusi

Wako wanaosema kwamba mtu akizeeka chuki humwisha. Mimi nimezeeka na ya kwangu iko palepale. Nikisikia gitaa la Kikongo la zamani kwenye redio ya jirani, kwanza namkumbuka kaka yangu. Halafu namkumbuka yule mtu wa raizoni, na kwa huyo wa pili huwa natabasamu, kwa sababu nilimpata.

Nianze na kaka, maana vitu vilikuwa vyake. Alifanya kazi kwenye migodi ya Zambia kama vijana wengi wa kwetu Unyakyusa siku hizo. Wenzake walirudi na baiskeli, makoti na mabati ya kuezekea. Yeye alirudi Mbeya na kikohozi, gramafoni ya betri, na sanduku la mbao lililowahi kubeba baruti, ndani limejaa santuri. Zote za Kikongo. Kule mgodini alikuwa amekaa nyumba moja na watu wa Kongo, nao ndio waliomfundisha kuzisikiliza. Walimfundisha na Kilingala, si kingi, cha kumtosha kujua wimbo unamlilia nani na unamsuta nani. Kila santuri aliitia alama katikati, pale kwenye karatasi ya duara: msalaba mdogo wa rangi nyekundu ya kucha. Watu walimcheka sana, mwanamume mzima kwenda dukani kununua rangi ya kucha.

Wazazi wetu walikuwa wametangulia, kwa hiyo tuliishi wawili tu, mtaa wa Mwanjelwa. Mimi nilikuwa na cherehani barazani. Yeye alikaa kando yangu akiota jua, maana ukungu wa Mbeya na vumbi la mgodi havikupatana kifuani mwake. Jumapili watu wakitoka kanisani walipitia kwetu, wakakaa juu ya matofali na magogo, wakasikiliza. Kaka hakuwa bahili wa muziki. Aliazimisha yeyote aliyeomba, ila kwa sheria moja: ukichukua santuri, unaacha kiatu kimoja. Ukiacha viwili unaweza kununua vingine ukasahau, alisema, lakini aliyebaki na kimoja hawezi kusahau. Basi mlangoni kwetu ungekuta ndala moja, buti moja la mtu wa reli, kiatu kimoja cha mwalimu kilichopigwa kiwi, na wenyewe wako mtaani wanachechemea huku wanacheka. Hakuna santuri iliyopotea wakati wa uhai wake.

Mtu wa raizoni alikuwa rafiki yake. Kwao ni Iringa, na alifika Mbeya na malori ya mbao kutoka Mafinga. Alivaa suruali ya bugaluu iliyofagia barabara na viatu vya raizoni vyenye soli nene na kisigino kirefu, ambavyo kwenye matope ya Mwanjelwa vilimfanya atembee akishika kuta za watu. Aliwahi kuishi Tanga, akarudi na Kiswahili cha pwani, na Kiswahili hicho alikivaa kwa maringo yaleyale aliyovalia viatu. Sisi Kiswahili tulikipata shuleni na sokoni. Nyumbani tulisema lugha yetu. Nikisema "kitabu yangu", alinirekebisha mbele ya watu wote.

"Kiswahili chako kina ukungu, dada," alisema.

Watu walicheka. Mimi nami nilicheka, kwa kuwa alikuwa mgeni wa kaka.

Katika sanduku lile kulikuwa na wimbo mmoja kaka alioupenda kuliko zote. Rumba ya taratibu, gitaa linatembea polepole, halafu mwanamke anaingia na kuita neno moja tena na tena: liwa, liwa. Siku ya kwanza kuusikia nilimwuliza kaka, "Nani huyo anayeliwa?" Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia kwamba kwa Kilingala liwa ni kifo. Mwanamke yule anamlilia kaka yake, anakiambia kifo, umemla kaka yangu, njoo unile na mimi. Nilijuta kuuliza. Hata hivyo nilijifunza maneno yote kwa moyo.

Sasa Jumapili moja mtu wa raizoni alisikia wimbo huo, akainua kidole watu wanyamaze.

"Mnasikia? Liwa. Nyie watu wa bara hamjui liwa ni nini. Ni mti wa manukato, unasagwa, anapakwa bibi harusi mwilini mpaka anang'aa. Huyu mama anamsifu bibi harusi, wallahi. Siku nikioa, mke wangu ataingia na wimbo huu."

Nilifungua mdomo. Kaka alinikanyaga mguu. Watu walipoondoka aliniambia kwamba mgeni haaibishwi nyumbani kwako, hata akisema jua linatoka Tunduma, magharibi kwetu. Nikanyamaza. Nashukuru mpaka leo kwamba nilinyamaza.

Kaka alifariki wakati wa mvua. Wiki za mwisho hakutaka kusikia santuri nyingine isipokuwa ile. Ilikuwa na mkwaruzo mahali pamoja, sindano ikifika hapo inarukaruka, liwa, liwa, liwa, mpaka mtu aisukume kidogo kwa kidole. Zamani aliisukuma mwenyewe. Mkono ulipomlemea nikawa naisukuma mimi. Ndiyo maana siku ya msiba santuri ile haikuwa ndani ya sanduku. Ilikuwa bado juu ya gramafoni, chumbani kwangu, imefunikwa kanga.

Siku ya kumaliza matanga mtu wa raizoni alifika na lori. Alisimama mbele ya wazee wa ukoo, akavua kofia, akatoa rambirambi ndefu na nzuri kiasi kwamba baadhi ya wazee walilia upya. Kisha akasema kuwa marehemu alimwachia wasia wa mdomo: sanduku la santuri liwe lake, kwa sababu ya urafiki. Alisema "nyinyi wazee wangu" na "kwa hisani yenu" na maneno mengine ambayo wazee wetu waliyazoea kuyasikia redioni tu. Waliona aibu kumbishia mtu anayesema vile.

Nilisimama. Macho yalikuwa yamevimba na kichwa kinauma.

"Baba mkubwa," nilisema, "hii sanduku ni ya kaka, na kaka hakusema hiyo maneno. Mimi ndio nilikuwa naye mpaka mwisho."

Yule mtu aliinamisha kichwa kwa upole. "Sanduku hili, dada," alisema. "Maneno hayo."

Kuna waliocheka. Si wengi, lakini nilisikia. Kwenye matanga ya kaka yangu, udongo wa kaburi haujakauka, mtu alinisahihisha ngeli na watu wakacheka. Baba mkubwa akasema, mwanamke na santuri wapi na wapi, na tena nyimbo za marehemu zisipopigwa nyumbani itakuwa salama zaidi kwa waliobaki. Wakambebea sanduku mpaka kwenye lori. Nililitazama likipakiwa kati ya mbao za misonobari, nikaapa kwamba nitalirudisha, na kwamba utakaolirudisha kwangu ni mdomo wake mwenyewe.

Mvua nyingine zilipita. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Ilula, ana genge la nyanya kando ya barabara kuu, na mwaka ule aliniita nikamsaidie. Siku moja nilipanda gari kwenda Iringa mjini kununua uzi na vifungo. Nikiwa karibu na stendi nikasikia gitaa. Ulikuwa mchana, baa iko wazi, na mlio ule nilikuwa naujua kabla ya mwimbaji kufungua mdomo.

Niliingia. Mtu wa raizoni alikuwa nyuma ya kaunta na gramafoni mpya, sanduku la baruti liko miguuni pake. Juu ya kila msalaba wa kaka alikuwa amebandika karatasi yenye jina lake. Wateja walikuwa wamemzunguka, na yeye alikuwa anawasimulia jinsi alivyozikusanya santuri zile mwenyewe kule Kongo, mtaa kwa mtaa, akilala kwenye vibaraza vya wanamuziki. Mtu ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Tunduma. Kila wimbo ukiisha aliwaeleza maana yake, na kila maana ilikuwa ya uongo.

"Kaka, habari za siku nyingi," nilimwambia.

Alinitazama. "Tunafahamiana, dada?" Akawageukia wateja. "Mwangalieni, ametoka na baridi ya huko kwao, mpeni soda apate nguvu ya kucheza."

Nilitoka nje huku masikio yananiwaka. Sikufika mbali. Alinifuata, akanishika kiwiko nyuma ya ukuta, na sasa alikuwa ananikumbuka vizuri sana.

"Mdogo wangu, usikasirike, yale ni maneno ya biashara. Ile ya liwa haikuwemo kwenye sanduku. Unayo?"

"Ya nini?"

"Naoa baada ya Pasaka. Binti wa katekista. Nimeshawaambia wakwe bibi harusi ataingia na wimbo wa pwani ya Kongo."

Pwani ya Kongo. Nilitazama viatu vyake ili asinione macho. Nikamwambia ninayo, na nitamletea.

Niliporudi Ilula nilimsimulia shangazi habari za harusi, bila kumsimulia mengine. Akasema anaijua, na atakayefungisha ni yule padri mzungu mzee anayekuja na pikipiki kununua nyanya kwake. Mtu mwema, alisema, ila akijigonga kidole hutukana kwa lugha ya Kongo, maana alikaa huko nusu ya maisha yake kabla ya vita kumleta kwetu. Nilikuwa nachambua nyanya mbovu kutoka kwenye tenga. Shangazi akaniuliza mbona nacheka peke yangu na nyanya.

Nilikwenda Mbeya kuichukua. Nilimpelekea pale baa, mchana, mbele ya wateja wake.

"Sikupi," nilisema. "Nakuazima. Kwa sheria ya mwenyewe."

Alicheka. "Bado mna ushamba ule?" Lakini watu walikuwa wanatazama na alipenda kutazamwa. Alivua raizoni ya mguu wa kushoto, akainyanyua juu wote waone, akanikabidhi kwa kuinama. Kisha akatembea mguu juu mguu chini kuzunguka kaunta, watu wakifurahi. Nilikiweka kiatu kwenye kapu langu, chini ya vitunguu.

Harusi ilifungwa asubuhi kanisani, na sherehe ikafanyika mchana katika ukumbi wa parokia. Shangazi alikuwa ameuza nyanya za pilau kwa hiyo tulialikwa, tukakaa meza ya nyuma pamoja na akina mama wa genge. Mezani kwa wakubwa alikaa baba wa bibi harusi, yule katekista, Mhehe mrefu mkimya, na kando yake padri na sahani yake. Bwana harusi alikuwa na suti ya kahawia na raizoni mpya, gramafoni na sanduku la baruti viko kando yake. Alisimama mwenyewe, hakumwachia msema chochote wa sherehe.

"Ndugu waalikwa, wimbo mtakaousikia unahusu liwa. Kwa wasiojua, liwa ni manukato ya bibi harusi. Kila mkisikia liwa, akina mama tunaomba vigelegele."

Mlango ukafunguliwa. Bibi harusi akaingia na shela lake, mdogo, ametazama chini kama desturi. Gitaa likaanza. Mwanamke akaita, liwa, na akina mama wakapiga vigelegele. Liwa, vigelegele. Mimi nilimtazama padri. Alikuwa ameinua kijiko. Kijiko kikasimama njiani. Aligeuza sikio upande wa gramafoni, akamtazama bibi harusi, akatazama tena gramafoni, kisha akaweka kijiko chini na kusimama.

"Samahani," alisema. "Nani amefariki?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama padri anavyouliza, tayari kwenda kumzika mtu. Ukumbi ukanyamaza isipokuwa mama mmoja aliyekuwa katikati ya kigelegele.

"Ni manukato, Padri," bwana harusi alisema. "Liwa ya pwani."

"Hapana, mwanangu. Hii ni Kilingala. Liwa ni kifo. Huyu mama yuko kaburini. Anasema, kifo, umemla kaka yangu, njoo unile na mimi."

Na hapo sindano ikafika kwenye mkwaruzo. Liwa, liwa, liwa, liwa. Bibi harusi alikuwa katikati ya ukumbi, hajui aendelee au arudi, na kifo kinamwita bila kupumzika. Bwana harusi aliruka kwenda kuizima, kisigino cha raizoni kikanasa kwenye waya wa spika, akaangukia magoti. Hakuna aliyecheka. Mimi peke yangu nilicheka, moyoni, na nilikuwa sijawahi kusikia raha ya namna hiyo tangu kaka azikwe.

Katekista ndiye aliyeinua sindano.

"Santuri hii imetoka wapi?" aliuliza.

"Kwa yule," bwana harusi alisema, bado yuko chini, kidole kimeelekea kwangu. "Ameniletea uchawi kutoka Mbeya."

Watu wote waligeuka. Shangazi alinivuta gauni nikae. Nilisimama.

"Kamwene, mzee," nilimsalimu kwa Kihehe. "Hii santuri ni ya kaka yangu. Alishakufa. Na hiyo sanduku yote ni ya kaka yangu, huyu mtu alibeba kwenye matanga, akasema alipewa. Toa hiyo karatasi ameweka. Chini utaona msalaba nyekundu."

Ngeli zote zilikuwa zimepotea njia, na hakuna mtu hata mmoja aliyenisahihisha.

Katekista alilamba kidole gumba, akasugua karatasi ya kwanza. Ukatokea msalaba. Akachukua ya pili, akasugua. Akachukua ya tatu. Bwana harusi alisema kitu kuhusu wasia, lakini Kiswahili cha Tanga kilikuwa kimemkauka mdomoni.

"Vitu vya maiti," katekista alisema polepole, "harusini kwa mwanangu. Huu ni uchuro."

Aliwaita vijana wawili wakalitoa sanduku nje, nami nikafuata, wakaliweka miguuni pangu bila kunitazama. Hofu ileile iliyolitoa sanduku kwetu Mwanjelwa ndiyo iliyonirudishia. Wakati huo sikuifikiria, nilikuwa nimelikumbatia. Nilipoinua kichwa nikamwona katekista anazunguka nyuma ya ukumbi, ile ya liwa iko mkononi mwake, anaelekea kwenye mafiga ya pilau.

Nilikimbia. Niliita, "Mzee, hiyo hapana, hiyo ni ya kuazima." Alikuwa ameshaitupa. Santuri haiwaki mara moja. Ilijikunja kwanza, kingo zikainuka, msalaba mwekundu ukabaki katikati kidogo, halafu ukatoka moshi mweusi unaonuka na wapishi wakavuta sufuria pembeni. Nililia pale mbele ya akina mama. Walidhani nalia kwa aibu. Nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa nimerudishiwa zote isipokuwa ile niliyokuwa nayo siku zote, ile niliyoisukuma kwa kidole kaka akiwa anakufa, na niliitoa kwa mkono wangu.

Ukiniuliza kama najuta, najuta santuri. Bibi harusi nilimhurumia. Ndoa ilikuwa imeshafungwa na Wakatoliki hawafungui, kwa hiyo alibaki naye. Mumewe simhurumii. Iringa yote ilimwita Liwa. Watoto walimwita hivyo akipita, makuli wa mbao Mafinga walimwita hivyo, na pale baa kila alipotaka kueleza maana ya wimbo, mtu mmoja nyuma aliuliza, "Nani amefariki?" Hakukaa muda mrefu kwenye kaunta ile.

Alirudi kwenye malori. Jumapili moja alisimama mlangoni kwangu Mwanjelwa. Watu walikuwa wamejaa juu ya matofali kama zamani, sanduku liko wazi, na mlangoni kulikuwa na viatu vya walioazima, mojamoja. Alikuwa amevaa ndala. Aliiona raizoni yake, nimejaza ndani chaki za cherehani na vifungo.

"Dada," alisema taratibu, "nimekuja kuchukua kiatu changu."

"Karibu, kaka. Sheria unaijua. Lete santuri."

"Si ilichomwa na mkwe wangu."

"Basi."

Alisimama kidogo, labda akingoja nicheke, ili naye acheke, yaishe. Sikucheka. Aliangalia chini, akasema, "Hiki kiatu ilikuwa ya bei," na mimi nilisubiri watu wote wanyamaze.

"Kilikuwa cha bei, kaka," nilimwambia.

Akaondoka. Kiatu kiko hapa mpaka leo, soli imeanza kumeguka. Wimbo wenyewe sijawahi kuupata tena, na nimeutafuta kwa kila mtu mwenye santuri za zamani. Huwa nauimba mwenyewe nikiwa kwenye cherehani, maneno yote ninayo. Nikifika pale palipokuwa na mkwaruzo narudia hapohapo, liwa, liwa, liwa, mpaka uzi unakatika.